Tundu Kwenye Gamba

Jumatatu, 3 Machi

Mukai amerudi nyumbani. Mkono wa kushoto una plasta, wa kulia umebeba karai, na ndani ya karai — kobe! Hana begi, hana hata nguo ya kubadilisha. Nimemuuliza binti yangu mkono umekuwaje. Ati alianguka kwa ngazi. Na mumewe, Ndambuki? Yuko kazini, Athi River. Mimi si mtoto mdogo, lakini nimempa uji kwanza.

Kobe hatoi hata kucha. Hapa Ndithini tunawaona porini na kuwapita. Nani humkaribisha nyumbani kama mgeni?

Jumanne, 4 Machi

Nimemjengea kobe boma la mawe nyuma ya jikoni. Bati kuukuu juu, apate kivuli. Sinia ya maji. Sijamaliza, mbwa wetu akaruka ndani, akamgeuza chali, akaanza kutafuna ukingo wa gamba. Nimempiga na mpini wa jembe mpaka akalia kama mtu. Nikampiga tena. Si mbwa niliyekuwa nikimpiga, najua.

Kumwinua kobe ndipo nikaona. Karibu na mkia gamba limetobolewa, waya umepitishwa. Usaha. Mabuu yanacheza humo.

Jumatano, 5 Machi

Tumekata waya kwa koleo. Mukai amemshika kwa mkono wake mmoja, mimi natoa mabuu kwa kijiti, maji ya chumvi kando. Nilidhani gamba ni kama kucha, halina uchungu. Mukai akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, pole pole. Hapo anasikia." Kweli! Kobe alitoa pumzi, hsss, akanikojolea mapajani.

Tulipomweka chini, jogoo akaja kudonoa kidonda. Nimemkata kichwa papo hapo. Jumatano ya Majivu, padre amenipaka majivu asubuhi, na sasa damu imenifika kiwiko! Leo nyama hailiwi. Tutamla kesho, na mifupa nitaivunja mmoja mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Mukai amesema. Alikuwa akimwangalia kobe, si mimi.

Ndambuki ndiye aliyemtoboa, kwa drili, ili amfunge kwenye nguzo pale ploti. Waya ukalegea, akataka kutoboa tundu la pili. Mukai akamshika mkono. "Akaniambia hii kitu haisikii. Akaweka mkono wangu kwa meza, mwaitu. Akauliza kama na mimi sisikii. Halafu akachukua nyundo."

Nimeinuka, nikanoa panga. Baba Mukai akauliza nanoa ya nini na mvua haijanyesha, nyasi ziko wapi. Nikamwambia zitaota.

Alhamisi, 13 Machi

Ametoa kichwa! Shingo ndefu, imekunjamana kama ya bibi yangu marehemu. Amekula nyanya mkononi mwa Mukai, mbegu zikamjaa kidevuni. Mukai amecheka. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Tundu limekauka.

Jumapili, 16 Machi

Ndambuki amekuja. Na mjomba wake, na mbuzi. Wako uani na Baba Mukai. Mimi niko jikoni kwa sababu ya nthoni: kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala kurushiana maneno. Mila nzuri hiyo, imemwokolea Ndambuki kichwa mpaka dakika hii. Naandika ili mkono uwe na kazi. Panga liko mapajani.

Namsikia. Sauti ya asali! Ati ilikuwa hasira tu, ati shetani. Mjomba anasema hata vikombe kabatini hugongana. Vikombe! Baba Mukai amefungua mdomo wa mbuzi, anaangalia meno. "Kijana ameomba msamaha," anasema, "tumsikize. Mukai ajitayarishe."

Na Ndambuki: "Hata hiyo ngu yangu, kobe yangu, tutaenda nayo. Nimeitengenezea mahali."

Kutoka dirishani naliona boma. Kobe alikuwa akila mnavu, ametulia kabisa, miguu yote nje. Sauti ile ilipomfikia — hsss! Kichwa ndani, miguu ndani, jani limebaki nusu. Siku zote hizi za kumtuliza, zimeisha kwa neno moja. Nimejifunga leso kiunoni. Nthoni na ife leo.

Mukai ameingia. Hana machozi. Amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono mzima.

"Mwaitu, nipe panga."

Nimemwangalia. Sijui ananinyang'anya ama analichukua alitumie yeye. Baba yake anamwita huko nje, mara ya pili sasa.

Nimempa. Ametoka nalo. Kutoka dirishani namwona amesimama mbele ya boma la kobe, panga mkononi, anamwambia baba yake: "Siendi, na kobe haendi."