Koki za Mvuke Alizozikataa Devota

Baba Devota, mume wangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii haitaki mtu aliyelala. Sisi hapa Bugarama tuko wazima. Migomba yako imezaa hadi naitegemeza kwa miti, na lile paa la jikoni ulilokuwa unaniambia "kesho, Mama Devota, kesho," nimeliezeka mwenyewe.

Sasa nikuambie ya binti yako. Kile kiwanda kilichomwajiri Biharamulo kinaendeshwa na mvuke, lakini si mvuke wa sufuria yangu. Huo ni mkali hadi bomba lenyewe linakaribia kuwa jekundu. Unafunguliwa na kufungwa kwa koki kubwa za chuma, wao wanaziita valvu, na anayechagua ziwe za chuma gani ni nani? Devota! Wanaume wenye ndevu wanamsubiri yeye aseme.

Alinieleza huku akila maharage yangu. Chuma cha kawaida kwenye joto lile hakivunjiki siku hiyo hiyo. Kinavutika kidogo kidogo, miaka, halafu siku moja kinapasuka na kuunguza watu. Kwa hiyo kabla ya kukimimina kwenye kalibu wanakichanganyia kromi ili moto usikile, na molibdeni ili kisilegee. Nikamuuliza, kwa nini msinunue kile cha vijiko, kisichoshika kutu? Akacheka. "Mama, hicho kikipata moto kinatanuka kuliko bomba lililoungwa nacho. Wataachana hao." Molibdeni! Neno hilo nimelitaja jumuiyani hadi Mama Anjela akaniomba nipumzike.

Lakini kuna wiki nililia. Koki mpya zililetwa, karatasi zikisema ni za mchanganyiko huo. Devota akazipima kwa kifaa chake, akasema hiki ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nzuri, haziwekwi. Kazi ikasimama. Bosi akapeleka koki moja maabara Mwanza, akamwambia: wakikuta umekosea, fungasha. Nikampigia simu, mwanangu, kubali tu yaishe. Akanijibu, "Mama, chini ya lile bomba wanapita watu."

Basi nikafanya tunavyofanya huku mtoto akikosea. Nikamkamata jogoo mwekundu, nikavaa kitenge cha Pasaka, nikapanda basi kwenda kumwombea radhi. Jogoo akawika ofisini! Bosi, mtu mzima na mvi zake, akasimama: "Shikamoo, mama." Marahaba, nikaanza kupiga magoti, akanizuia. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika asubuhi ile. "Huyu jogoo, mama, mimi ndiye niliyepaswa kumleta kwenu. Binti yako alisema kweli."

Nikageuka. Devota alikuwa mlangoni, ananitazama mimi na jogoo wangu. Akanisogelea. Alinishika mkono tu. Hapo ndipo nilipokutaka, Baba Devota. Wewe ungemwamini tangu mwanzo, wewe ungeli... basi, tuyaache.

Jogoo tulimla mchana ule ule, bosi akapewa paja. Koki za kweli zimeshawekwa, mvuke unapita, na watu wa kule jioni wanarudi kwao wazima.

Pumzika kwa amani, mume wangu. Ahadi yangu ni moja: siku nyingine wakiniambia binti yetu amekosea, nitamuuliza yeye kwanza kabla sijampigia mtu magoti.

Mkeo,
Mama Devota