Mashine ya Inchi Kumi Iliyokwenda Ishirini

Mpendwa wifi yangu Nafula,

Nakuandikia wewe usiyeweza tena kunijibu, na nimeomba barua hii isomwe na yeyote anayetaka, kwa sababu kuna mambo tuliyoyaona sisi wawili na sasa nimebaki mimi peke yangu wa kuyasema. Nitayasema yote, hata yanayoniaibisha.

La kwanza ni hili. Nilipofika karakanani kwako Malaba asubuhi ile, sikuja kukupa pole. Nilitumwa. Kaka yangu Okisai, mumeo, alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini, na kaka yetu mkubwa, Emodo, alikuwa ameshapata mtu wa Tororo wa kuinunua mashine. Alinituma nichukue funguo. Mimi ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nimerudi nyumbani, nakula chakula cha Emodo na kulala chini ya mabati yake. Aliponiambia niende, nilikwenda.

Nilikukuta umevaa ovaroli ya Okisai, umeikunja miguu mara tatu, mafuta yamekufika viwikoni.

"Emodo anataka funguo," nikasema.

Hukuinua hata kichwa. "Mwambie ziko kazini. Mulamwa, shika hapa."

Mulamwa ni wifi kwa lugha ya kwenu, na hukuniita vingine. Ukanipa mpira wa mafuta niushike usivuje, nami nikaushika. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Sijui hata leo kwa nini sikuuachilia nikaondoka, ila najua hakuna mtu aliyekuwa ameniomba msaada wa mikono yangu tangu niondoke kwa mume.

Mashine yenyewe ilikuwa fupi, imebanwa kati ya ukuta na nguzo. Okisai aliinunua kwa familia moja ya Wahindi iliyopita mpakani na mizigo yake ilipofukuzwa Uganda. Ulinieleza siku ile ile jinsi inavyofanya kazi, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda mtoni: pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma fimbo ya silinda, fimbo inasukuma meza ya chuma iliyobeba kisu, na kisu kinakwangua chuma, kwenda na kurudi. Fimbo ilitoka inchi kumi, basi meza nayo ilikwenda inchi kumi. Kwa vipuri vya malori yaliyokwama mpakani hizo zilitosha. Nikakuuliza umejifunzia wapi. Ukasema, "Hapa hapa, miaka saba. Watu waliopita barabarani walifikiri namletea Okisai chai."

Tulikuwa bado tunaongea lori la kiwanda cha kuchambua pamba lilipoingia uani. Meneja akashuka, vijana wawili wakateremsha mhimili mpya wa chuma, mrefu kuliko mtu. Ule wa zamani ulikuwa umekatika, na kiwanda kizima kimesimama. Pamba ya wakulima ilikuwa imelundikwa kwenye stoo na varanda kutoka kwetu mpaka Matayos, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika. Kuagiza Nairobi kungechukua wiki nyingi. Meneja alihitaji mfereji mmoja ukatwe kwenye ule mhimili, wa kuingiza ufunguo wa chuma unaolishika gurudumu kubwa. Mfereji wa inchi kumi na sita.

"Mama, fundi yuko wapi?" akauliza.

"Unaongea naye."

Akakutazama, akanitazama mimi na gauni langu, akaitazama mashine. "Hii inakwenda ngapi?"

"Kumi."

"Sasa?"

"Niachie mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Nadhani alikuachia kwa sababu tu hakuwa na pengine pa kuupeleka.

Sikurudi na funguo, kwa hiyo Emodo alikuja mwenyewe kesho yake. Alikukuta umejaribu njia ambayo kila fundi angejaribu: kwenye kipande cha chuma chakavu ulikata inchi kumi, ukakisogeza, ukakata sita. Pale mikato miwili ilipokutana paliinuka kidato chembamba kama ukucha, na ufunguo uligoma hapo hapo. Ilibidi mfereji ukatwe kwa mwendo mmoja. Silinda ndefu haikupatikana kuanzia Busia hadi Kisumu, na hata ingepatikana, ingetoboa ukuta.

Emodo akakiokota kile kipande, akapitisha kidole juu ya kidato. "Wewe mwanamke, silinda ni inchi kumi. Hata ukilia, haiwezi kuwa kumi na moja. Jumamosi lori la Tororo linakuja kubeba."

"Na kama Ijumaa nimemaliza?"

Akacheka. "Ukimaliza, kaa na chuma zako."

"Rudia mbele ya dada yako."

Akarudia, bado anacheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilisikia kila neno. Emodo naye alikuwa na pamba yake varandani ikingoja kiwanda, lakini hilo hakulitaja.

Jumatano tulikwenda karibu na stesheni kutafuta vipande vya chuma. Ulikuwa mkali siku hiyo. Wapakuzi walikuwa wanasogeza sanduku kubwa la mashine kutoka kwenye behewa. Walikuwa wameliweka juu ya mabomba ya maji na wanalisukuma, mabomba yakibingirika chini yake. Ukasimama. Nikafikiri umechoka. Ukatazama mpaka mmoja wao akauliza, "Mama, umepoteza nini?"

"Boss, rudisheni nyuma kidogo."

"Tani moja na nusu hii, mama!"

"Nawaomba. Mara moja tu."

Sijui walikuonea huruma au walitaka kucheka. Walirudisha. Ukachukua chokaa mfukoni, ukachora mstari ardhini usawa wa bomba la katikati, na mwingine usawa wa ukingo wa sanduku. "Haya, sukumeni." Wakasukuma. Ukapima kwa hatua zako, ukarudi, ukapima tena. Kisha ukanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniumiza.

"Umeona? Bomba limekwenda hatua moja. Sanduku limekwenda mbili."

Sikuelewa. Ukanieleza tukitembea, karibu kukimbia. Kitu kinachobingirika kati ya sakafu iliyotulia na mzigo unaosogea huenda nusu ya safari ya mzigo. Basi kama fimbo ya silinda, badala ya kuisukuma meza yenyewe, ingesukuma gurudumu la meno, na gurudumu hilo likabingirika kati ya meno yaliyofungwa chini na meno yaliyofungwa kwenye tumbo la meza, fimbo ingekwenda inchi kumi na meza ingekwenda ishirini. Silinda ile ile, na ukuta usiguswe.

"Meno utayatoa wapi?" nikauliza.

Ulikuwa umeshafika kwenye banda ilikosimama pikipiki ya Okisai. Emodo alikuwa ameitangaza kuwa yake tangu siku ya matanga. Uliilaza ubavu, ukaanza kufungua cheni.

"Nafula, hiyo ni ya Emodo."

"Nani alimpa?"

Nikakushikia spana.

Uliikata cheni vipande viwili. Kila kipande ulikinyoosha juu ya ubapa wa chuma na kukichomelea pingili kwa pingili. Kimoja ukakifunga kwenye kitako cha mashine, kingine chini ya meza. Gurudumu dogo la meno la pikipiki hiyo hiyo likakaa katikati, kwenye ncha ya fimbo. Alhamisi nzima tulirefusha njia za meza zisije zikaiacha ikining'inia, wewe ukizikwangua kwa mkono na mimi nikizipaka rangi ya bluu ili uone palipoinuka. Kucha zangu zilibaki za bluu wiki mbili.

Ijumaa asubuhi watu walijaa uani. Meneja alikuwepo, Emodo alikuwepo na mtu wake wa Tororo. Ukawasha pampu, ukavuta mkono wa mashine. Meza ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, ikagonga mwisho wa njia, kisu kikavunjika na kipande chake kikapiga bati. Watu wakarudi nyuma, halafu wakaangua kicheko.

"Imekwisha hiyo," Emodo akasema. "Dada, chukua funguo."

Wote wakanitazama. Nilijua chakula changu cha jioni kiko upande gani. Nikasema, "Chukua wewe, kama unaweza."

Wewe hukusikia hata hayo. Ulikuwa umechuchumaa unajisemea, kisha ukaniita. "Mulamwa, nilikuwa mjinga. Safari imezidi mara mbili, basi na mbio zimezidi mara mbili. Na nguvu imebaki nusu." Ukafunga koki ya mafuta mpaka ikabaki wazi kidogo tu. Ukafunga kisu kingine, ukakishusha kidogo sana, unene wa karatasi. "Tutakula chuma polepole. Hakuna anayetufukuza."

Walikuwepo waliotufukuza, wamesimama wamekunja mikono. Lakini meza ilianza kutambaa, ikapita kumi, ikapita kumi na sita, ikarudi. Uzi mwembamba wa chuma ukajikunja mbele ya kisu. Tena. Mara moja ulishusha kisu kupita kiasi na meza ikasimama, pampu ikinguruma. Ukakipandisha, tukaendelea. Mimi nilikuwa napaka mafuta na kufagia vichuma. Waliokuja kucheka walichoka, wakaondoka mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeinamia upande wa Uganda ulipozima pampu.

Meneja aliuweka ufunguo kwenye mfereji mwenyewe, akaugonga kwa nyundo ya mbao. Ukaingia toka mwanzo hadi mwisho bila kugoma. Akasema tu, "Pakieni," lakini kabla ya kupanda lori alirudi akakupa mkono, mafuta na yote.

Emodo hakuamini. Alichukua futi, akakuambia uitembeze meza tupu, akapima. Akapima tena. Ishirini. Kisha akaenda bandani, akaitoa pikipiki yake isiyo na cheni, akaisukuma kwa miguu kwenye barabara kuu mpaka nyumbani. Wewe hukucheka mbele yake. Ulingoja apite kona, halafu ukakaa chini kwenye vichuma ukalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike Okisai.

Watu wa ukoo hawakutusamehe. Shamba lako walilichukua. Harusi zilifanyika na hatukuitwa. Mimi nilikuta nguo zangu zimewekwa nje, nikazibeba kichwani mpaka kwako, na ukasema tu kitanda cha karibu na dirisha ndicho changu. Ulinifundisha kupima, kunoa, kuchomelea. Nilipoharibu kazi uligomba, na nilipofanya vizuri hukusema kitu, ulinipa iliyo ngumu zaidi. Hayo ndiyo maisha yangu, wifi, na sikumwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Sasa nikuambie yaliyotokea mazishini kwako, maana hukuyasikia. Kijana wa kanisa alisoma wasifu wako. Alisoma kwamba ulikuwa mke mwema uliyeitunza karakana ya mumeo, na kwamba marehemu Okisai, kwa akili aliyojaliwa, ndiye aliyeirefusha mashine maarufu ya Malaba.

Nikasimama. Magoti yangu hayanitii siku hizi, lakini nilisimama.

"Si kweli," nikasema. "Okisai alikuwa kaburini."

"Mama, tafadhali keti, tuna ratiba."

"Siketi. Soma upya."

Watu wakaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja wa ukoo akanivuta nguo. Nikageuka nikamtafuta Emodo. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, mzee mzima sasa, fimbo kati ya magoti. "Emodo," nikasema, "ulikuwepo. Waambie."

Aliizungusha fimbo yake mpaka nikaona nimeshindwa. Kisha akanyoosha mkono, wakampa kipaza sauti.

"Ni huyu mwanamke," akasema. "Nilipima mwenyewe."

Akakirudisha kipaza sauti. Kijana akaomba kalamu.

Sikumshukuru Emodo. Alikaa na maneno hayo miaka yote wewe ukiwa hai; angeyasema wakati huo ungeyafurahia, nami nisingelazimika kuyang'oa. Lakini yamesemwa, mbele ya watu na mbele ya jeneza lako, na atakayesema vingine tena nikiwa napumua atanikuta nimesimama. Lala, Nafula. Umefanya kazi ya kutosha.

Ni mimi, wifi yako