Vigae Nilivyomtumia Mama

Jumatatu, 2 Juni 2025 — Iringa

Baridi ya leo si ya kwenda popote. Nimekunywa chai na kufikiria uchumi.

Fremu za maduka zimezidi wafanyabiashara. Nusu ya zile mpya zinauza vumbi. Habari ya mjini ni parachichi. Kule Kilolo, shamba ambalo mwaka juzi ungepewa na kuku juu, leo mwenyewe hapokei hata simu! Falsafa yangu haijabadilika: pesa ikikaa inaoza kama nyanya, ardhi ikikaa inanenepa.

Ila inenepe kwa faida! Kiwanja cha Mama pale Uyole kiko kando ya barabara kuu, malori yanalala karibu na mlango — na yeye kapanda maboga. Clement, dalali wangu, kapata mtu. Mzee Joachim. Ana sheli mbili za mafuta, anatafuta pa kuweka ya tatu.

Kwa hiyo: nauza Uyole, nanunua Kilolo, Mama namleta hapa Iringa kwenye kile chumba cha jua. Kila mtu anafaidika. Hasa mimi — lakini hilo naliandika humu tu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakuna vita! Kasema sawa, wewe ndiye uliyesoma. Ombi moja tu: jikoni pamebomoka, hao wageni wakija kuona kiwanja ataaibika. Nimtumie vigae na saruji, fundi anaye.

Nimepakiza kwenye lori la mbao linalokwenda Mbeya. Vigae vyeupe vyenye maua ya bluu, vizuri kuliko vya kwangu. Clement kacheka sana. Dada Bupe, sheli itabomoa hilo jiko, vigae vya nini? Nikamwambia mnunuzi hununua kwa macho. Udalali anaujua, saikolojia ya soko haijui.

Mama kakubali haraka mno. Nimefurahi, sitaki kujiuliza zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani, halafu nikarudi kupiga mahesabu ya miche. Mahubiri yalihusu tamaa. Nimeyasikia.

Mama kapiga. Vigae vimefika, kashukuru kwa Kinyakyusa: ndaga fijo mwanangu, Mungu akuzidishie. Masumbuko, fundi wake, anachimba vizuri. Nikashtuka — anachimba jikoni? Kasema msingi, Bupe, msingi.

Basi sawa. Kitu chenye msingi kina bei.

Jumanne, 24 Juni — Uyole

Mungu wangu.

Tumefika watatu, mimi, Clement na Mzee Joachim, tumependeza kama watu wa harusi. Clement akawa anaonyesha kwa mkono: pampu hapa, duka pale, malori yatageuzia kule. Kule kwa kugeuzia malori kuna kitu kinang'aa.

Vigae vyangu! Na maua yake ya bluu. Kaburi. Kaburi lililojengewa pande zote, msalaba umesimama, limepambwa kuliko nyumba zangu za kupangisha.

Mzee Joachim kavua kofia. Kauliza kwa upole ni nani amelala pale. Mama katoka na sinia la viazi, kasema bado hajafika, ni mimi mwenyewe. Karibuni viazi.

Mzee wa watu kabaki na kofia mkononi, hajui aivae au aendelee kuishika.

Nikasogeza ubao uliolifunika nichungulie. Shina la mgomba limelazwa ndani! Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, wanasema litaita mtu. Mgomba unamshikia Mama nafasi. Mimi miaka yote najisifu kwa wapangaji, kumbe Mama anaye wake, tena hasumbui.

Mzee Joachim kafanya ishara ya msalaba, kala viazi viwili kwa adabu, kaondoka. Clement hakugusa kitu.

Jumatano, 25 Juni

Nimegombana na Mama tangu uji. Yaani nimegombana peke yangu, yeye alikuwa anachambua maharage.

Alipochoka kunisikiliza kasema: "Gwe Bupe. Baba yako amelala Rungwe kwa baba zake. Hapa nilinunua mimi, kwa viazi, gunia moja moja, wewe ukiwa mgongoni. Nitalala kwenye changu."

Nikasema Iringa kuna jua. Kasema hata hapa lipo, linachelewa tu.

Nina hasira. Na ninaogopa. Kuona msalaba wenye jina la mama yako, mahali pa tarehe pakiwa wazi, ni kitu kibaya sana. Nimeingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka.

Clement yeye anasema kaburi halina mtu, livunjwe. Lakini kuvunja kaburi la mtu aliye hai ni kumwombea kifo, mafundi wote wa hapa wamekataa. Nikamkabidhi nyundo avunje mwenyewe. Kaiangalia, kakumbuka ana kikao Mwanjelwa.

Ijumaa, 27 Juni

Mzee Joachim kapiga asubuhi. Bado anakitaka! Ila sharti: Mama mwenyewe, kwa mkono wake, aligonge lile kaburi walau mara moja, ndipo mafundi watathubutu kumalizia. Atapiga tena mchana, anataka ndiyo au hapana.

Nikatoka mbio nyuma ya nyumba. Masumbuko anachimba! Moyo ukaruka — anahamisha! Mama kaelewa bila kuambiwa!

Hahamishi. Anachimbachimba kupima udongo wa la pili, huku na huku ya lile.

Mama kasema vigae vilibaki vingi, nilimtumia kwa moyo. Kasema: watoto wako wote wako Dar na wewe unahamahama na viwanja vyako, je, ukifa watakupeleka wapi, kwenye parachichi za watu Kilolo? Hili ni lako, kasema. Nisije kulala hapa peke yangu.

Mimi! Nimekaa juu ya ndoo ya saruji, naandika. Simu inaita, ni Mzee Joachim. Mama kajifanya haisikii. Masumbuko kashika kamba yake ya kupimia, anasubiri niseme, niwe upande wa mlimani au wa barabarani.

Simu bado inaita. Na mimi nimejikuta namuuliza Masumbuko kiwanja cha kona ni kipi.