Nyota za Winfrida

Masama, Hai

Mdogo wangu Winfrida,

Pokea salamu za nyumbani. U mzima huko Japani? Baridi inakuachia? Huku mvua imenyesha vizuri, migomba imesimama, na ng'ombe kazaa ndama jike. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kila meseji tunayotumiana Baba hudai nimsomee.

Baba amemweleza kila mtu usharikani kwamba unafanya kazi chini ya mlima, kwenye tangi kubwa la maji lenye giza, ukisubiri neutrino, chembe ndogo zilizotoka kwenye nyota zilizolipuka hata kabla dunia haijakuwapo. Anasema zinatupenya sote na hatuna habari, na kwamba kazi ngumu ni kuzitambua kati ya chembe nyingine zinazopiga kelele. Mzee Eliakim aliambulia "mlima" na "maji" tu, akaomba ukirudi ututengenezee mfereji wa shambani. Mfereji huo nauzibua mimi kila ukiziba, na usharikani sijatajwa hata siku moja.

Nakuonea wivu, Winfrida, tena wivu mbaya. Nakata majani, nakamua, nampikia Baba mtori, naye akishiba ananiuliza kama umezipata nyota zako.

Jumapili aliniita, akanishikisha jani la isale. Mzazi kumpa mtoto jani la kuombea msamaha sijapata kuona. Akaniomba msamaha kwa kukupenda wewe kupita kiasi. Isale halikataliwi, nikamsamehe. Wivu lakini haukuondoka.

Kisha akaomba na la pili: nisikuambie anavyoumwa, usije ukaliacha tangi lako kabla nyota zako hazijaonekana. Nilinyamaza, naye akadhani nimekubali. Isale ni la kuombea msamaha, si la kunifunga mdomo. Baba ana saratani ya ini, mdogo wangu. Madaktari wa Moshi wamesema tukae naye nyumbani tu.

Panda ndege. Wenzako wa tangini wasalimie, waambie wakushikie zamu. Chumba chako nimeshakideki. Najua ukiingia mlangoni Baba atajikongoja ainuke, na kwangu mimi hainuki siku hizi hata nimbembeleze. Nitaumia sana. Njoo hivyo hivyo unitie wivu, nimwone Baba amesimama tena.

Dada yako,
Elisifa