Namba ya Kahawa Kwenye Kadi ya Mgonjwa

Uru, Moshi.
Jumapili, 21 Oktoba 2001.

Mpendwa mdogo wangu Basili,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika, maana wewe kuandika kwako ni kwa msimu kama maharage. Marahaba. U mzima? Esther hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na kifua cha yule mdogo kimetulia? Huko Songea mvua zimeanza au bado mnatazama mawingu?

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama mguu unamsumbua asubuhi tu; jua likitoka anatembea hadi kanisani na kurudi, akiwasema watu njia nzima. Ndizi zipo. Kahawa tumechuma, lakini bei usiniulize, nisije nikatenda dhambi na misa ndiyo kwanza imeisha.

Haya, sasa kaa vizuri. Najua umeshasikia kwamba Violet, mke wa mdogo wetu Julius, alirudi kwao Mkuu, kule Rombo, maana maneno ya watu hayapandi basi lakini yanafika. Nataka uyasikie kwangu, kwa sababu kosa lilianzia mezani kwangu.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa kumi na tisa sasa natunza kadi na daftari la wagonjwa hapa zahanati. Na majina yetu yanavyogongana unajua. Akina Gladness peke yao ninao watano, watatu ni wa ukoo mmoja, na siku moja nusura mmoja apewe dawa ya mwenzake. Tangu siku hiyo nikawa naandika kwenye kila kadi ile namba ambayo mwenye nyumba anauzia kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hakuna mtu wa Uru asiyejua namba ya kahawa ya kwao, hata mtoto wa darasa la kwanza. Nilisifiwa sana, na mimi nikajisifu zaidi.

Mwezi wa tatu ikaja kampuni ya Dar es Salaam, inajiita Siha Kwanza, inauza dawa na bima. Walikuwa na barua yenye mhuri, na mganga wetu mfawidhi alikuwa ameshatia sahihi. Walisema watatuingizia daftari lote kwenye kompyuta bure, na wao wabaki na takwimu. Niliwauliza kuhusu siri za watu. Wakaniambia nisiwe na wasiwasi, majina wanayaacha, wanachukua ugonjwa, dawa, tarehe na namba ya kadi tu. Nikaona hao ni watu waliosoma. Niliwapikia mtori, Basili, nikakaa nao siku nne nikiwasomea mwandiko wangu. Ukitafuta mjinga wa mwaka huu, usihangaike kwenda mbali.

Maana orodha ya wanachama, jina na namba, imebandikwa ukutani pale tunapopimia kahawa. Imebandikwa tangu enzi za baba. Mtu akisimama pale dakika tano na kalamu, anajua kila namba ni ya nyumba ipi. Na namba ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo ugonjwa wa mke unakwenda kugonga mlango kwa jina la mume. Mimi niliyeiweka ile namba sikuliona hilo. Wao waliliona.

Mwezi wa saba wakala wao mmoja, kijana mwenye mkoba na viatu visivyojua matope yetu, akaingia kwa Julius akamwambia wana habari nyumba hii inatumia sindano kila baada ya miezi mitatu, na kampuni inaweza kuileta hadi nyumbani. Julius alicheka. Alimwambia yeye sindano ya mwisho alichomwa ya malaria, kabla hajaoa. Kijana akafungua karatasi akamwonyesha: namba 412, ile aliyoirithi kwa baba, sindano ya uzazi wa mpango. Hapo Julius hakucheka tena, kwa kuwa ndani ya nyumba ile mwanamke mtu mzima ni mmoja.

Unakumbuka Violet alivyokuwa alipomzaa Mathew, yule wa sita. Tulikwisha kumwita padre. Alipotoka hospitali alinijia mimi akalia, akasema hawezi tena, na Julius hataki kusikia. Nilimwandikia kadi na kwa miaka miwili sikumwambia mtu, hata Mama. Sijutii hilo na sitajutia. Lakini Julius alimfukuza mke wake siku ileile, na mimi akaacha kunisalimia.

Nililia usiku mmoja, ukanitosha. Asubuhi nikashuka Moshi kwa Mama Pramila, yule mwenye duka la dawa tunakonunua za presha za Mama, nikamweleza. Alifungua droo akanitolea karatasi. Watu walewale walikuwa wamempelekea orodha ya wagonjwa wa Uru ili awanunue, wenye kisukari huku, wenye kifua kule, na namba zao. Alikuwa amewafukuza lakini karatasi ilibaki. Akaniambia, "Mama Eunike, mimi nauza dawa. Siuzi wagonjwa." Tangu leo ukinisikia nalalamikia bei za duka lile, nikumbushe.

Karatasi ile nikasimama nayo kwenye mkutano wa kijiji. Ukumbi ulijaa, maana si Julius peke yake aliyegongewa mlango, na wengine walikuwa wameacha kuja kutibiwa kabisa. Bwana wa kampuni akatueleza kwa upole kwamba hakuna siri iliyotoka, ni namba tu. Nilimjibu, "Bwana, hapa namba ndiyo jina. Taja mia tatu na saba uone." Akataja. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi, mjane wa namba 307. Mzee Ebenezeri, mwenyekiti wetu, akasema walianza na namba ya kahawa yetu, sasa wamefika kwenye matumbo yetu, basi. Mganga mfawidhi alisimama akaomba radhi mwenyewe, na kwa hilo nilimheshimu. Wiki mbili baadaye barua ya wilayani ilitoka, na kampuni haikanyagi tena Uru. Mtu akikuambia wanyonge hawawezi kitu, mwambie aje aniulize mimi.

Ikabaki nyumba ya Julius. Jumamosi moja nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, lile shamba la migomba, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, nikapita nalo mbele ya mlango wake. Unajua isale likija kuomba radhi, mwenye kukosewa hana budi kulipokea. Julius akasimama, akajikung'uta koti, akangoja. Nikampita. Akaita, "Dada, si umeniletea mimi?" Nikamwambia sina cha kumwomba radhi yeye. Kosa langu si kuificha siri ya Violet. Kosa langu ni kuiachia itoke. Anayedai isale langu yuko Mkuu.

Nilipanda gari hadi Himo, nikabadilisha, nikafika Rombo nimejaa vumbi. Violet alinipokea kwa wazazi wake. Nililishika lile jani kwa mikono miwili, dada mtu mzima kama mimi, nikamwomba radhi wifi yangu. Alilipokea akalia, nami nikalia. Hatujamaliza chai, Julius huyo getini, amekuja na gari lililofuata, na mkononi ana isale lake.

Baba yake Violet alimwacha asimame juani mpaka akaona inatosha. Kisha Julius akasema kilichomchoma ni kusikia habari za mke wake kwa mtu wa mkoba. Violet akamwuliza, "Ningekuambia mimi, ungesikia?" Julius akamnyooshea isale lake kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Nisingesikia." Ni hilo neno lililomrudisha Violet nyumbani, Basili, kuliko lile jani. Amerudi wiki ya pili sasa, na tarehe yake ya sindano anaijua hata Julius.

Kampuni ilirudisha disketi zao. Mimi sijadanganyika. Jembe ukimwazima mtu, likirudi limerudi. Habari ya mtu ikishanakiliwa, nani ajue nakala ziko ngapi? Kwa hiyo namba zote kwenye kadi nimezifuta, na ile karatasi ya Mama Pramila nimeibeba nyumba kwa nyumba, nikimwita kila mtu pembeni na kumwambia habari yake imetoka. Wengine wamenitukana, nikakubali. Nimewamaliza wote isipokuwa mmoja.

Namba 412 imeandikwa mara mbili, mdogo wangu. Mstari wa kwanza ni wa Violet. Wa pili ni wa Agosti 1997, ulipokuja likizo peke yako na kadi yako bado iko kwenye namba ya baba. Ugonjwa wenyewe na ulikoupata siandiki hapa. Nimeshaandika vya kutosha. Ulitibiwa, ukapona, na kwangu yaliishia pale. Lakini yule wakala alimwonyesha Julius karatasi nzima, na Julius ameniuliza mara mbili ule mwingine ni wa nani. Sikumjibu. Krismasi mnakuja wote nyumbani, na mbege ikishakolea unajua ndimi za huku.

Ndiyo maana barua hii nimeituma kazini kwako. Mwambie Esther wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hamjapanda basi. Atakasirika, utavumilia. Ungemwona Julius pale juani usingeona ni gharama kubwa.

Mama anakusalimu, anasema umletee mchele wa huko. Violet na Julius wanakusalimu pamoja, na watoto wao wote sita. Mungu awalinde njiani na awape mioyo ya kusikilizana.

Mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Eunike

Esther nisalimie, ukishamwambia.