Mchanga Niliomletea Mama

Jumamosi, alasiri. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa nyuma ya nyumba ya mama hapa Bahi, naandika kwenye simu. Mbele yangu kuna shimo dogo, kando ya kaburi la baba. Baba mdogo amelichimba leo.

Shimo ni la mdogo wangu Yoramu. Mwili haupo. Ni la mchanga wa kaburi lake, na mimi ndiye niliyetumwa kuuleta.

Mchanga niliouleta ni wa uongo.

Yoramu alikuwa dereva wa malori. Alifia Walvis Bay, Namibia, na wenzake wakamzika hukohuko. Ni mji uliobanwa kati ya jangwa na bahari. Ukisimama barabarani, huku vilima vya mchanga, huku maji. Alikuwa anabeba chumvi. Mama aliposikia kazi hiyo alicheka sana, maana yeye ametulea kwa chumvi. Kila kiangazi anakwangua udongo mbugani, anauchuja kwa maji, anachemsha. "Amekimbia chumvi ya mama yake, akaifuata ya watu," alisema.

Yoramu alipougua alinipigia simu wiki nzima. Tulikuwa hatusemeshani. Aliniita mlevi mbele ya wakwe zangu, na kweli nilikuwa mlevi, ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa naiangalia simu inaita, naigeuza uso chini.

Siku ya nane hakupiga.

Miezi miwili iliyopita mama akanituma. "Mimi sitafika huko. Niletee udongo wake, nimlaze kwa baba yake." Nikapata lori Kibaigwa, nikapanda jingine Tunduma, nikasafiri mpaka mgongo ukafa ganzi. Ambele, dereva wa Mbeya aliyekuwa anaishi na Yoramu, alinipokea kwa utani.

"Nyie Wagogo bwana! Yaani umetoka kwenye ukame wa Dodoma, umekuja kutafuta ukame mwingine?"

Tukacheka. Akanipa chai. Nje ukungu ulikuwa mzito, jua halionekani, na mchanga ulikuwa unaingia chini ya mlango wake taratibu. Anaufagia, unarudi.

Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Alikuwa analala na simu kifuani. Ukimwambia aizime apumzike, anasema hapana, kaka atapiga."

Tulikubaliana asubuhi anipeleke makaburini. Sikumsubiri. Kulipopambazuka nilitoka bila kuaga, nikashuka ufukweni, nikajaza mchanga kwenye chupa ya maji, nikatafuta lori la kurudi. Niliogopa kusimama pale kaburini huku Ambele ananiangalia usoni. Nimesafiri nchi tatu, nikashindwa hatua za mwisho.

Mama alipoupokea alilowesha kidole, akauonja. Ndivyo anavyopima udongo siku zote.

"Mbona chumvi kali hivi?"

"Mama, kule ukungu wa bahari unafunika mji mzima," nilijibu haraka.

Akaufunga kwenye kanga.

Mchungaji alikuwa aje kesho baada ya ibada, tuufukie kwa sala. Leo mchana mama ameniita. Amemwaga mchanga wote kwenye ungo. Akaniwekea kitu kiganjani, gamba dogo jeupe la konokono.

"Baba, kaburini kwa mdogo wako kuna konokono wa baharini?"

Nililigeuza gamba kiganjani.

"Chumvi ya ukungu inakaa juu juu. Hii imelala kwenye maji. Kazi yangu hii, tangu sijakuzaa."

Nikamwambia yote. Ufukwe, Ambele, na zile simu, ambazo hapa nyumbani hakuna aliyejua. Nilitaka anitukane. Nilikaa kwenye kigoda nimeinama, nasubiri matusi.

"Kumbe alikupigia," alisema. Akarudia, "Kumbe alikuwa anakupigia."

Basi. Afadhali angenipiga kwa ule ungo.

Baba mdogo akasogea kuuliza kama alifukie shimo.

"Liache wazi," mama akasema. "Asipoletwa Yoramu, nitaingia mimi."

"Shemeji, shimo lenyewe dogo hili."

"Mtaliongeza."

Baba mdogo akaniangalia, akaweka jembe chini, akaondoka. Mama amekwenda kulala, mchana kweupe, yeye ambaye halali mchana. Amezeeka, na safari ya kwenda na kurudi ni ndefu. Narudia kupiga hesabu ya siku na siipendi.

Nimempigia Ambele. Nataka kumwomba msamaha, na kumwomba tena anipeleke. Simu imeita mpaka ikakata. Nimepiga mara ya pili, imeita mpaka ikakata. Sikuwahi kujua kwamba upande huu inaita kwa muda mrefu hivi.

Jumatatu nitakuwa Kibaigwa natafuta lori, apokee asipokee.

Nampigia tena.