Tandika Majani Mawili

Dada yangu mkubwa Paidamma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, goti limepoa, na yule nyati wako wa maziwa, mkaidi, amezaa salama. Mimi mdogo wako ni mzima, ukiacha meno, ambayo sasa yamebaki ya kuwaonyesha wageni tu. Mwandiko usiucheke. Wewe ulifika darasa la tano. Mimi nilikuwa la pili mwalimu aliponikuta juu ya mnazi wake, na tangu siku hiyo hatukuonana tena.

Kabla hujaitia barua hii motoni, ujue unasoma mkono wa mtu aliyeiangusha serikali ya Delhi. Naam, mimi Appalaswamy, na kandambili zangu hizi. Basi, basi, nakuona unavyokunja pua. Nimesema uongo. Serikali ipo, imekaa, na nasikia imezidi kunenepa. Nilichoangusha mimi ni chungu cha mtindi. Lakini ukijua kwa nini kiliniponyoka, na wewe utatafuta pa kukaa.

Ulinituma mwenyewe. Delhi ilikuwa imekiahidi chama chetu cha Kinu daraja, lile lile ambalo marehemu shemeji Kotayya alilidai maisha yake yote mpaka akafia kivukoni. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, hadi Kiongozi Jogarao akapanda jukwaani pale sokoni, akatwanga kinu kitupu mbele ya umati na kuapa kwamba bila daraja hakuna kura ya imani kwa serikali bungeni. Bunge la Delhi lina watu zaidi ya mia tano, lakini serikali ile ilikuwa imeviegemea vyama vya majimbo kama mlevi anavyoegemea ukuta, na wabunge wetu saba walikuwa tofali la chini. Ukilichomoa, mlevi chali. Na mmoja wa hao saba ni mwanao Bhushanam. Ukaniambia maneno ambayo hadi leo yananiwasha: "Nenda ukamlinde. Baba yake alikuwa jiwe, huyu ni ugali wa jana. Akijiuza, usinirudishie hapa."

Nikaenda. Chama kikatufungia kwenye jumba la wageni nje ya Delhi, lenye bustani na ukuta mrefu, ili wanunuzi wa Delhi wasije wakawachomoa waheshimiwa mmoja mmoja. Simu zilikusanywa kwenye kikapu cha vitunguu. Asubuhi na jioni walihesabiwa kama kuku. Mimi nikawa mpishi wa Bhushanam, kwa ajili ya vidonda vyake vya tumbo, na mkeka wangu nikautandika kizingitini pake. Hata Sikukuu ya Taa ilitukuta humo humo, tukitafuna chapati ngumu kama soli. Kila akiniruka kwenda kuoga alikuwa ananiambia, "Mjomba, kwa kukoroma huku, mnunuzi gani atathubutu kuja?" Nami namjibu, "Tulia wewe, bei yako haijafika hata ya mbuzi mwenye kikohozi."

Nilikuwa namtania, dada, lakini nilimshuku. Chakula alikuwa anakichokonoa tu. Wenzake wakicheza karata, yeye yuko bustanini peke yake, macho ukutani. Nikajisemea, huyu ndiye. Huyu anapima urefu wa ukuta.

Siku ya kura, nikiwa nimebeba mtindi kuupeleka mezani, Jogarao akaingia na shada la maua shingoni, macho mekundu kama mtu aliyekesha harusini. Akaanza kumenya ndizi. Huku anamenya, akawaarifu waheshimiwa kwamba mambo yamebadilika, na chama sasa kitaiunga mkono serikali. Mkwewe atakuwa naibu waziri. Daraja litatazamwa. Akala ndizi yake.

Hapo ndipo chungu kiliponiponyoka.

Dada, mimi nimeyaona mengi. Nimeona mafuriko yakipita na nyumba ya mwenyekiti, kuku wakiwa juu ya paa. Lakini nilisimama pale, mtindi unanichuruzika miguuni. Siku zote hizo nimelala mlangoni nikizuia mwizi, kumbe mwizi ndiye mwenye funguo. Mbunge mmoja akijiuza, huyo msaliti, atemewe mate. Mwenye zizi akiwauza wote saba kwa mpigo, huo mkakati. Reja reja ni dhambi, jumla ni siasa.

Na hakuna aliyepiga meza. Mmoja aliuliza kama basi la kwenda bungeni lina kiyoyozi. Mwanao peke yake ndiye aliyesema neno. Alimwuliza, "Mzee, na mama yangu atavukaje mto?" Jogarao akamjibu, "Mama yako tutampa mashua ya injini, tena tutaipaka picha ya kinu." Meza nzima ikacheka. Na Bhushanam akacheka nao. Akacheka, dada, nikamwona kwa macho yangu, akafuta mtindi uliomrukia kwenye viatu, akapanda basi. Nikatema mate pale alipokuwa amesimama. Nikaanza kufikiria nitakuambia nini.

Nikakaa jikoni mbele ya televisheni pamoja na mpishi wa jumba, mtu wa huko huko kaskazini, mpole, ingawa chapati ni zake. Kura zikapigwa. Serikali ikapona bila hata kukohoa, maana chama cha jimbo jingine nacho kilikuwa kimeuzwa asubuhi ile ile. Nikainuka niondoke. Mpishi akanishika shati, akaniambia, "Kaa, mzee. Wanasema wa Kinu sita wamekubali, mmoja amekataa. Ana jina refu kama treni." Nikamwomba alitaje. Akalivunja vunja, lakini nililijua. Nagabhushanam.

Nilikaa chini, na hapakuwa na kiti.

Jioni wenzake walirudi na basi. Yeye alirudi kwa miguu, na walinzi wale wale waliokuwa wanamzuia kutoka sasa wakamzuia kuingia. Ikabidi nimrushie sanduku lake juu ya ukuta. Likafunguka hewani, suruali za mheshimiwa zikatua kwenye michongoma. Tukarudi nyumbani kwa treni, sakafuni karibu na choo, mjomba na mpwa.

Njiani nikamwuliza alicheka nini pale mezani. Akasema angekataa mbele yao wangemfungia chumbani, bungeni asifike. Nikamwuliza tena, kwa ubishi wangu, kwamba kura moja dhidi ya zote zile imefaa nini. Akasogeza sanduku lake mtu apite kwenda chooni. Kisha akanikumbusha kwamba siku ile kivukoni, shemeji anaungua kwa homa na mvushaji yuko ng'ambo, yeye ndiye aliyekuwa amekishika kichwa cha baba yake. Akaitazama mikono yake. Akasema, "Mjomba, ile kura yao ningeipiga kwa mkono upi?"

Nikamtandikia mkeka wangu alale. Mimi, dada, niliyekuwa nimemtemea mate.

Wewe umesoma gazeti la chama, maana jingine hulitaki nyumbani kwako. Limeandika kwamba Bhushanam amefukuzwa kwa usaliti. Halikuandika alimsaliti nani. Ukaishusha picha yake iliyokuwa kando ya ile ya baba yake, na nilipokuja kukueleza ukanijibu kupitia dirishani kwamba nyumba hii imefiwa, mgeni apite. Basi maiti wenu yuko kwangu, amemaliza mtindi wangu wote. Nimemwambia aje kwako, hataki. Anasema mama aliyeliuliza gazeti kabla ya kumwuliza mwanawe, abaki na gazeti lake. Mmefanana kama vinu viwili, kila mmoja anangoja mwenzake asogee. Hajui kwamba nakuandikia. Anadhani nahesabu nazi.

Nisalimie majirani zako wote, hata yule katibu wa tawi, na umwambie kinu alichokichora kwenye ukuta wangu nimekipaka chokaa.

Nina ombi dogo, nalo ni haki yangu. Siku ya pili baada ya Sikukuu ya Taa, ndugu wa kiume hula kwa mkono wa dada yake, ndivyo tulivyolelewa. Safari hii ilinipita nikiwa nimefungiwa na zile chapati, kwa hiyo mlo wangu uko kwako. Nakuja Jumamosi kwa mashua ya asubuhi, na sitakuja peke yangu, hata kama itabidi nimfunge kamba. Sitaki makubwa. Wali, samaki wa mchuzi wa ukwaju, na ile achari ya maembe unayoificha nyuma ya pipa la mpunga. Kata majani ya mgomba ya kupakulia, uyaoshe, utandike mawili.

Kwenye la pili usitie pilipili. Mwenye nalo ana vidonda vya tumbo.

Mdogo wako mtiifu inapobidi,
Appalaswamy